Uzi maalumu: Katuni za sikukuu kwa watoto wetu, tuzichague kwa swali zinalowaachia

Sebuleni:

Wakuu, habari za jioni. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na kama ilivyo kila Desemba, kwenye maduka ya muvi foleni ya flashi imeanza. Unampa kijana flashi yako, unamwambia akuwekee katuni za Krismasi, anakujazia folda nzima, unalipa, unaondoka. Nyumbani inachomekwa kwenye TV, watoto wanajipanga mkekani, mzazi anaendelea na shughuli zake. Nimefungua uzi huu kwa sababu hapo kuna jambo tunaliruka, na linawaumiza zaidi watoto wa nyumba ambazo mwaka umekuwa mgumu.

Katuni nyingi za Krismasi zimesimama juu ya wazo moja. Kuna mzee mwenye ndevu nyeupe, ana orodha, mtoto mwema anapata zawadi na mtundu hapati. Sasa chukua mtoto wa miaka sita aliyeamka tarehe 25 akakuta hakuna kitu. Hajui habari za kodi ya nyumba, hajui mshahara umechelewa, hajui kwamba hela iliyopo imetengwa kwa ajili ya ada ya Januari. Anachojua ni kwamba wiki iliyopita alimpiga mdogo wake. Hesabu anaimaliza mwenyewe: nimekosa kwa sababu mimi ni mbaya. Na wengi hawalisemi hilo, wanakaa nalo kimya mpaka linakomaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kabla ya kumwekea mtoto katuni ya sikukuu, jiulize itamwachia swali gani, halafu hakikisha upo karibu swali likitoka. Umaarufu wa katuni na uzuri wa picha vije baadaye.

Ninayoiweka mbele ya zote ni Klaus, ya mwaka 2019, iliyo Netflix, kazi ya Mhispania Sergio Pablos. Imechorwa kwa mkono katika zama ambazo karibu kila kitu kinatengenezwa kwa kompyuta, na ilichukua tuzo ya BAFTA ya katuni bora. Jesper ni mtoto wa bwana mkubwa wa posta, kijana mvivu aliyelelewa kwa kudekezwa. Baba yake anamtupa kwenye kisiwa cha baridi kali, Smeerensburg, na kumwambia asirudi mpaka apitishe barua 6,000 ndani ya mwaka. Huko koo mbili zinachukiana tangu enzi za mababu, hakuna mtu anayemwandikia mwenzake. Jesper anamgundua mzee mpweke aitwaye Klaus, fundi wa mbao, mwenye banda lililojaa midoli, na anaanza kuwashawishi watoto wamwandikie barua ili yeye apate hesabu yake.

Ndani yake kuna kipande kifupi ambacho ukiwa na haraka utakikosa. Mtoto mmoja mtundu anamchokoza Jesper, na Jesper kwa hasira anamwambia kwamba Klaus anaona kila kitu na watoto watukutu hawapati chochote. Yaani mtoto wako anaishuhudia ile orodha ya wema na watundu ikitungwa palepale, na anamwona mtu anayeitunga na sababu zake. Simamisha hapo. Uliza tu: "Huyu anasema kweli?" Halafu nyamaza. Watoto wa miaka saba na kuendelea wanakamata haraka sana, na mtoto akishaikamata, hata katuni nyingine zote zenye orodha ile anazitazama kwa jicho jingine. Tahadhari moja: Klaus alifiwa na mke wake, na mwishoni yeye mwenyewe anatoweka. Nyumba yenye msiba wa karibu ijiandae.

Ya pili ni Arthur Christmas ya 2011, ya Aardman, wale wa Uingereza. Hapa Santa ana chombo kikubwa cha angani na jeshi la wasaidizi, dunia nzima imegawiwa zawadi usiku mmoja, kisha inagundulika mtoto mmoja, Gwen, amesahaulika. Kaka mkubwa, Steve, mtu wa mitambo na takwimu, anasema mtoto mmoja kati ya mamilioni si kitu. Arthur, mdogo wake ambaye kila mtu anamwona hana maana, anakataa katakata. Anaondoka na babu yake kwa gari la zamani la kuvutwa na paa wa kaskazini kupeleka baiskeli moja, na njiani wanapotea mpaka wanajikuta Afrika mbele ya simba. Watoto wetu wakifika hapo wanaruka kwa furaha. Lakini kitu cha kuongea nao ni lile neno la Steve. Mtoto aliyesahaulika hakuwa mbaya. Waliomsahau ndio waliokosea. Kwa mtoto ambaye amewahi kukosa, maneno hayo yanaweza kumtoa mzigo ambao hata hukujua anaubeba.

The Polar Express ya 2004 nayo inagusa hapohapo. Kuna kijana anaitwa Billy, anatoka nyumba ya dhiki, na anasema wazi kwamba Krismasi kwake huwa haijawahi kwenda vizuri. Sura za watu mle zilitengenezwa kwa kunasa mienendo ya waigizaji halisi, na kuna watoto zinawatisha, macho yanaonekana kama hayana uhai. Itazame kwanza mwenyewe dakika chache. Billy anastahili kuzungumziwa, ila si kila mtoto atafika kwake bila kuogopa.

Kuhusu lugha: nyingi ni za Kiingereza, na mtoto wa chekechea anashika picha tu. Msiogope kutafsiri kwa sauti kama wanavyofanya ma-DJ wa muvi kwenye vibanda. Tena mzazi anayetafsiri amelazimika kukaa pale, na hiyo ndiyo faida kubwa.

Karibuni, leteni mlizotazama nanyi.

Mama Wawili:

Asante kwa uzi, umenigusa hapo kwa mtoto anayejihukumu mwenyewe. Swali langu: mimi huwa naangalia zile herufi za daraja la umri, PG na kadhalika, nikiona PG natulia. Mwaka jana mdogo wangu wa miaka minne alilala na taa imewaka wiki nzima kwa sababu ya katuni ya PG yenye mifupa na vichwa vya maboga. Sasa herufi hizo zina kazi gani?

Sebuleni:

Pole sana dada, na pole kwa mtoto. Hiyo bila shaka ni The Nightmare Before Christmas ya 1993. Ina PG Marekani. Arthur Christmas nayo ina PG. Klaus PG, Coco PG, The Grinch ya 2018 PG. Herufi ni moja, lakini katuni moja ina mtu wa magunia aliyejaa wadudu ndani na nyingine ina wasaidizi wa Santa wanaofunga zawadi. PG inakwambia tu kwamba mzazi awe karibu. Haikwambii kama ni kwa ajili ya hofu, matusi au huzuni. Hata Bodi ya Filamu ya Kenya ina daraja lake la PG na maana ni hiyohiyo. Kwa mtoto chini ya miaka sita mimi ninaangalia mambo mawili: nani anatisha humo, na anatisha kwa muda gani kabla hajashindwa.

Na tuwe macho na ile folda ya dukani. Kuchorwa hakuifanyi kuwa ya watoto. Tokyo Godfathers ya 2003, ya Mjapani Satoshi Kon, ni ya Krismasi kabisa: watu watatu wasio na makazi wanaokota kichanga usiku wa mkesha. Ni kazi nzuri mno, na ni ya watu wazima. Nimeikuta kwenye flashi ya watoto, imekaa kati ya Tom na Jerry na Barbie.

Ticha Mbeya:

Wadau, nafundisha darasa la kwanza na la pili. Naomba niongelee Rudolph the Red-Nosed Reindeer, ile ya 1964 ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Watu wengi hawajui kwamba vile vikaragosi vilifanyiwa kazi Japani, ingawa katuni ni ya Marekani.

Kila mtu anaisifu kwamba inafundisha kutomcheka aliye tofauti. Mimi naipenda lakini nina ugomvi nayo. Rudolph ni paa wa kaskazini mwenye pua inayowaka. Baba yake mzazi anaificha kwa matope. Mwalimu wa michezo anawaambia wenzake wasicheze naye tena. Santa mwenyewe anaguna. Halafu ukungu unakuja, Santa haoni njia, pua inahitajika, na ghafla wote wanampenda.

Darasani kwangu nina mwanafunzi mwenye ualbino, mtoto mchangamfu, hesabu anaongoza. Nilipomaliza kuwaonyesha, nikawaacha waongee. Rafiki yake wa dawati moja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama ukungu usingekuja?" Darasa likanyamaza. Nikawarudishia wao swali hilo. Tulikaa nalo kipindi kizima. Mwingine akasema wangeendelea kumcheka. Mwingine akasema basi hawakumpenda yeye, walipenda pua. Yule mwenyewe mwenye ualbino akasema Rudolph asingewasaidia, angewaacha wapotee kwanza. Wakaanza kubishana kama hiyo ni haki au kisasi.

Kwa hiyo sikubali kwamba tuchague tu katuni zenye ujumbe safi. Hata yenye kasoro inafaa ikiwa watoto wanaruhusiwa kuiona kasoro. Na wasidhani kwamba katuni haiwezi kuulizwa. Ilipotoka mara ya kwanza, Santa aliahidi kuwasaidia midoli waliotupwa kisiwani na hakurudi kuwachukua. Watazamaji walilalamika kwa barua, na mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu ya Santa akiwafuata. Hilo niliwaambia watoto na walifurahi kweli.

Sebuleni:

Mwalimu, nakubali, na umenizidi. Nilichotaka kuepuka ni mtoto kuachwa peke yake na ujumbe ule. Ukiwa na mtu wa kukaa naye kama wewe, Rudolph ni darasa zima. Naomba walimu wengine wasome ulivyofanya: hukuwapa jibu, uliwarudishia swali. Sisi wazazi hapo ndipo tunapoharibu. Muvi ikiisha tu tunaanza mtihani: "Umejifunza nini?" Mtoto anajua jibu linalotakiwa, anasema "tuwe na upendo", na mazungumzo yanakufia hapo. Nimeona inafaa zaidi kumwambia amsimulie mtu ambaye hakuwepo, bibi kwenye simu au kaka aliyekuwa kazini. Sikiliza anaanzia wapi na nani anamruka. Mtoto akimsimulia bibi yake The Polar Express akaanza na Billy, umeshajua ni nini kimemshika.

Wa Nakuru:

Salamu kutoka huku Kenya. Hizi katuni zote ni theluji tupu, wanangu wananiuliza mbona kwetu Krismasi kuna jua. Na kwa nini hakuna mtoto anayefanana na wao? Hakuna studio ya Kiafrika imefanya ya Krismasi?

Sebuleni:

Ndugu yangu, swali zuri. Kuhusu theluji, tuwaambie ukweli tu: Desemba kaskazini mwa dunia ni majira ya baridi, huku kwetu kusini mwa Sahara ni jua, mvua na maembe. Wengine wataona theluji kileleni Kilimanjaro na kudai wanahamia huko. Waelezeni.

Kuhusu studio, hapa kuna jambo la kujivunia ambalo watu hawalijui. Stick Man, katuni ya nusu saa iliyoonyeshwa na BBC One siku ya Krismasi 2015, ilitengenezwa Cape Town na Triggerfish ya Afrika Kusini kwa ajili ya kampuni ya Uingereza. Ni habari ya baba ambaye ni kijiti, anapotea mbali na familia yake, misimu inapita, mpaka usiku wa Krismasi Santa anamsaidia kurudi. The Highway Rat ya Krismasi 2017 nayo ilitoka mikononi mwao. Na kwenu Nairobi, Tinga Tinga Tales ilitengenezwa kwa mtindo wa rangi za Tingatinga kutoka Dar es Salaam, ikaanza kuonyeshwa mwaka 2010 mpaka CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC. Yaani mikono tunayo. Ambacho bado sijakiona ni katuni ndefu ya Krismasi ya kwetu: watu wanasafiri kwenda kijijini, stendi imejaa, nguo mpya ya kushona, pilau, kwaya ya mkesha. Nyie wenye uwezo wa kuchora, hilo shamba liko wazi.

Hapo katikati, muulize mtoto hii ingekuwa kwetu ingekuwaje. Nani angekuwa Santa? Angepita wapi wakati nyumba haina dohani? Watoto wana majibu mengi kuliko sisi.

Mtu wa Tanga:

Assalaam aleykum wana uzi. Sisi ni Waislamu, hatusherehekei Krismasi, lakini tunakaa nyumba za ua mmoja. Tarehe 25 wanangu wako kwa mama jirani wanakula na kutazama katuni, kama wa kwake wanavyojaa kwangu siku ya Idd. Sina tatizo na miti wala theluji. Tatizo langu ni katuni zinazochora Manabii. Jirani yangu ni mtu wa heshima, hajui tu. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Na je, sisi tunazo za kwetu za Idd?

Sebuleni:

Waaleykum salaam kaka. Umesema jambo ambalo wenyeji wa sherehe tunapaswa kulijua kabla hatujaambiwa. Katuni ya The Prince of Egypt ya 1998 hutazamwa sana wakati wa sikukuu, na ndani yake Nabii Musa anaonyeshwa kwa sura, utoto mpaka utu uzima. Kwa sababu hizohizo Malaysia na Maldivi waliizuia. The Star ya 2017 ni habari ya punda anayefuatana na Bi Mariamu na Yusufu kwenda Bethlehemu, na Yesu mchanga anaonekana. Kwa nyumba ya Kikristo ni nzuri. Kwa kikao chenye watoto wa jirani Mwislamu, mwenye nyumba aulize kwanza. Wewe mwambie mama jirani siku mbili tatu kabla, tena kwa kumpa njia: "Dada, watoto wakija, wekea hizi, zile za Mitume wangu hawatazami." Hakuna mtu wa heshima atakayekasirika.

Za Idd ni chache mno. Ninayoifahamu vizuri ni Muhammad: The Last Prophet, ya Richard Rich, mtu aliyewahi kufanya kazi Disney. Ilifika kwenye kumbi za Marekani Novemba 2004, wakati wa Idd-el-Fitr. Ndani yake Mtume haonyeshwi hata mara moja. Kwenye matukio yake kamera inakuwa ndiyo macho yake, unawaona wanaozungumza naye. Waulize watoto wako kwa nini mchoraji amefanya hivyo, utapata mazungumzo mazuri ya heshima na mipaka. Ipo pia Bilal, kutoka Dubai, 2015, kuhusu Bilal bin Rabah, sahaba wa Mtume. Hiyo ina vita na mateso ya utumwa, Marekani imepewa PG-13. Waliozidi miaka kumi na miwili, na wewe ukiwepo.

Dada wa Leicester:

Huku Uingereza The Snowman huonyeshwa Channel 4 karibu kila Desemba, ilianza tarehe 26 Desemba 1982. Ni habari ya mvulana na mtu wa theluji anayepata uhai usiku mmoja. Haina maneno, muziki tu na wimbo mmoja. Kwa watoto wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza kama wangu ni nzuri mno, maana hakuna anayesubiri tafsiri. Lakini mwisho wake! Asubuhi mvulana anatoka mbio na nguo za kulalia, anakuta rundo dogo la theluji, kofia na skafu juu yake. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa skafu aliyopewa na Santa usiku, anapiga magoti. Imeisha. Binti yangu alilia kwa kwikwi. Mume wangu akasema tuifute. Nyie mnasemaje? Na la pili, shuleni wenzake wanamwambia Santa hayupo, anataka nimwapie kwamba yupo.

Sebuleni:

Dada, msiifute. Raymond Briggs aliyetunga kitabu chake hakuwa mtu wa kuficha mambo haya. Alieleza kwamba theluji huyeyuka, wazazi wake walikufa, kila kitu hufikia mwisho, na hakuona sababu ya kuwadanganya watoto. Tena kwenye kitabu chake hakuna Krismasi wala Santa, hayo yaliongezwa kwenye filamu. Machozi ya binti yako ni ya mtoto aliyeelewa. Mkumbatie, acha alie, asiambiwe "ni katuni tu". Kisha baadaye muulize kwa nini mvulana alitoa ile skafu. Ile skafu ni ushahidi kwamba usiku ule ulikuwepo kweli, na mtoto mwenye umri wa kulilia mwisho ule ana umri wa kuligundua hilo.

Kuhusu Santa, mimi siapi na sivunji. Nawasimulia habari za Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, eneo ambalo leo ni Uturuki, anayekumbukwa tarehe 6 Desemba. Simulizi la zamani linasema kulikuwa na baba fukara mwenye mabinti watatu, hana mahari ya kuwaozesha, na Nikolao akawatupia mifuko ya dhahabu usiku kwa siri. Ona tofauti: hakuuliza nani mwema. Aliangalia nani ana shida. Mtoto akilisikia hilo, swali la "yupo au hayupo" linapungua nguvu, na lile la orodha linakufa kabisa. Halafu mwambie achague mtu mmoja wa kumpa kitu kwa siri. Akifanya hivyo hatahitaji kiapo chako.

Msomaji wa Bukavu:

Wapendwa, nasoma kutoka Kongo. Nyanya wa watoto wangu alikufa mwezi wa nane. Watu wananiambia niwaonyeshe Coco. Wengine wanakataza. Mnashauri nini?

Sebuleni:

Pole sana kwa msiba, ndugu yetu. Coco ya 2017 si ya Krismasi, ni ya Siku ya Wafu ya Meksiko, mwanzoni mwa Novemba, wakati uleule ambao Wakatoliki wa huku kwetu nao wanawaombea marehemu wote tarehe 2. Mvulana Miguel anaingia nchi ya wafu na kukutana na mababu zake. Imejaa rangi na muziki, mifupa yake haitishi. Nzito ni kanuni moja iliyomo: marehemu akisahauliwa na wote walio hai, anatoweka kabisa. Mtoto aliyefiwa anaweza kushika kwamba bibi yake atapotea yeye akisahau. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Kwa hiyo waambie kabla ya kuanza kwamba hiyo ni kanuni ya hadithi, na nyumbani kwenu mnaamini nini kuhusu nyanya yao, kwa imani yenu wenyewe.

Mkifika mwisho, pale mama Coco, kizee aliyemzaa bibi yake Miguel, anapoimbiwa wimbo wa baba yake na kumbukumbu inamrudia, wewe mwenyewe utalia. Lia mbele yao. Kisha toa picha za nyanya, kila mmoja aseme kitu kimoja anachokikumbuka, hata kama ni jinsi alivyogombeza. Ikiwa bado wanaota ndoto mbaya au wanakataa kulitaja jina lake, subiri mwakani. Coco haiozi.

Mama Wawili:

Narudi. Grinch umeitaja kwenye PG tu, na ndiyo inayopendwa kwangu.

Sebuleni:

Kweli dada. Zipo mbili za katuni. Ya 1966 ya Chuck Jones ni ya dakika 26 tu, kwa sababu ilitengenezwa kwa kipindi cha nusu saa cha televisheni chenye matangazo. Grinch, kiumbe anayeichukia Krismasi, anaiba kila kitu, mti, zawadi, mpaka chakula, anasubiri kilio. Asubuhi watu wa Whoville, mji alioibia, wanatoka, wanashikana mikono, wanaimba. Kwa nyumba isiyo na zawadi mwaka huu, hakuna katuni inayosema vizuri zaidi.

Ya 2018 ina kitu ninachowaomba kina mama wanaolea peke yao wakitazame na watoto. Cindy-Lou ana mama anayefanya kazi usiku na kulea mapacha wachanga. Anamtega Santa sebuleni, anamnasa Grinch aliyejivika nguo za Santa, na ombi lake ni mama yake asaidiwe. Mtoto anayekuona ukirudi umechoka kila siku anayaelewa yale kuliko unavyofikiri. Ukikaa naye sehemu hiyo, muulize yeye angeomba nini.

Baba Lao:

Wakuu mmeongea mengi. Mimi nina wa miaka mitatu, saba na kumi na mbili, TV moja, sebule moja. Mkesha niweke nini?

Sebuleni:

Kaka, anza mapema, saa kumi na mbili jioni, na fupi ambayo wote watatu wataivumilia. Wa miaka mitatu hawezi saa nzima. Chukua The Snowman, au A Charlie Brown Christmas ya 1965, dakika 25, sauti za watoto wenyewe. Mle Charlie Brown amechoshwa na biashara ya Krismasi na anauliza maana yake, na rafiki yake Linus anasimama jukwaani na kusoma Injili ya Luka, sura ya 2. Mtoto huyu huwa haachii blanketi lake hata kwa dawa. Akifika pale malaika anaposema "Msiogope", analidondosha. Mwambie wa miaka kumi na mbili akuambie amelidondosha kwenye neno gani. Umri huo wanapenda kugundua vitu kuliko kufundishwa.

Mdogo akishalala, weka Klaus kwa hao wawili. Mkubwa mpe kazi ya kumtafsiria wa miaka saba, usimsaidie asipokuomba. Kwenye kile kipande cha Jesper na mtoto mtundu, simamisha wewe. Na umeme wa LUKU nunua mchana, maana Klaus ina zaidi ya saa moja na nusu.